Maswali ya Wanaozunguka Kushoto

Wiki hii nimechagua machache kutoka kwenu mnaoendesha magari ya NASCAR, mbio za Marekani za kuzunguka kushoto, kwenye iRacing, gemu ya kompyuta. Wale wa "kaka nitumie setapu" (mipangilio ya gari) nimewajibu kwa mkupuo hapo chini, msinipigie tena.

Kamwene kaka. Kila nikitoka kona ya nne gari linazunguka lenyewe, wala sijaguswa na mtu. Usukani wangu ni mbovu? (Kihesa, Iringa)

Kamwene. Usukani mzima. Kosa ulilifanya kona ya tatu. Unaingia na kasi isiyobebeka, gari linatambaa kuelekea ukutani, unazidi kukata usukani, halafu kwa pupa ya kufidia muda unakanyaga mafuta kabla hujaunyoosha. Tairi la nyuma kulia lina mzigo wa kona nzima, na wewe unalidai lisukume gari pia. Linakataa, unajikuta unatazamana na wenzako.

Achia mafuta mapema kuliko roho inavyotaka. Chagua alama, bango au ufa wa lami, kisha rudi nyuma urefu wa gari moja. Acha gari litiririke hadi katikati ya kona. Kuanzia hapo mikono na mguu viende pamoja: kadiri unavyonyoosha usukani ndivyo unavyoongeza mafuta. Mwanzoni utajiona mzembe. Tazama saa, usitazame roho.

Halafu jaza tanki uzunguke peke yako mizunguko 25 bila kusimama. Linganisha mzunguko wa tatu na wa ishirini. Vijana wetu wanatumiana picha za mzunguko mmoja wa kasi kama vyeti, na huyo mwenye picha ukimfuata kwa utulivu, kufika wa kumi na tano tairi zake zimekwisha na anakupisha bila kuombwa. Nimelisema hili hadi nimechoka na nitaendelea kulisema.

Jambo ambalo hukuuliza: baridi hii ya Juni isikuvalishe soksi mbili nzito. Mguu hausikii pedali.

Shikamoo. Ninunue usukani gani? (wengi mno)

Marahaba. Wowote wenye mota ndani inayorudisha nguvu mikononi, hata wa mtumba. Wa springi tupu achana nao, hautakuambia mkia unapoanza kuondoka. Ukienda kuuona, uchomeke kwanza, uuzungushe hadi mwisho pande zote mbili, ndipo utoe hela. Na meza isitikisike.

Kuzunguka kushoto nako ni kipaji? Huku tunajua rali. (Mafinga)

Martinsville, Virginia, mzunguko mzima haufiki mita 850, na kona zake zimeinama nyuzi 12 tu. Unafunga breki mara mbili kila mzunguko, na ukizichemsha mapema utamaliza mbio ukiomba dua. Nenda sasa Daytona: kilomita 4, kona zimeinama nyuzi 31, mguu hauinuki kwenye mafuta, na kazi yote ni hewa. Aliye peke yake anaachwa na msafara, hata awe na gari zuri. Aliyejipanga nyuma ya mwenzake anakatiwa upepo, anavutwa. Viwanja viwili, ufundi mbalimbali, vyote kushoto. Tairi za kulia zenyewe huwa na mzingo mkubwa kuliko za kushoto ili gari lipende kugeuka. Jaribu mizunguko hamsini ukiwa na gari ubavuni, spota, yule mwangalizi wako, anakuambia sikioni kwamba gari hilo bado lipo, kisha niandikie tena kuhusu rali.

Nimegongwa kwa nyuma kwenye iRacing, mbona na mimi nimepewa alama 4 za makosa? (Soweto, Mbeya)

Kwa sababu mfumo hautafuti mwenye kosa. Mkigongana kwa nguvu, wote mnaandikiwa. Ni dhuluma? Kidogo. Lakini nakuuliza: uliachia mafuta ghafla mahali ambapo jana yake hukuachia? Ukiona mtu anakuja kwa fujo, mpishe. Nafasi moja ni rahisi kuirudisha kuliko Safety Rating, kipimo chako cha uendeshaji salama.

Nikiparaza ukuta kama Ross Chastain, dereva wa NASCAR, si nitawapita wote? (Tukuyu)

Mwaka 2022 pale Martinsville, mzunguko wa mwisho, aliegemea ukuta, akakanyaga mafuta yote na kuwapita watu watano. Mwenyewe alisema aliupata ujanja huo kwenye gemu aliyocheza utotoni. Mwaka uliofuata NASCAR ikatangaza kwamba atakayerudia ataadhibiwa. Ukinifanyia mimi hivyo, nakuripoti.

Setapu gani inafaa Rookie, daraja la wanaoanza?

Imefungwa. Kila mtu anaendesha ileile.

Mtandao wa huku Uyole unanifaa? Na saa ngapi kuna watu? (Uyole)

Seva ziko mbali, hilo hulibadilishi kwa bando kubwa zaidi. Unachoweza ni kutumia waya badala ya waifai na kuwazuia wadogo zako kupakua muvi ukiwa mbioni. Hata hivyo gari lako linaweza kurukaruka kwenye skrini za wenzako, kwa hiyo usimbane mtu ubavuni: wewe unaona pengo, yeye anaona umeshamgonga. Kwa umeme, tafuta UPS inayobeba na ruta. Saa mbili usiku ya Charlotte, Marekani, kwetu ni saa tisa au saa kumi alfajiri, kufuatana na majira yao. Mwenye shule asubuhi aachane nayo, cheza mchana wa Ulaya.

Nikiwa mkali nitapata kazi NASCAR? Nafikiria kuacha chuo. (Iringa)

Dereva William Byron alianzia iRacing, akashinda mbio za Daytona 500 mwaka 2024 na tena 2025. Umesikia hilo, ndiyo maana umeuliza. Kati ya hapo na hapo alipanda magari ya kweli, madogo kwanza, kwenye viwanja vya kweli, miaka mingi, na alikulia Charlotte, mjini kwa NASCAR yenyewe. Rudi chuo, mdogo wangu. Na anayekuambia ulipie "majaribio ya Marekani" kwa simu ni tapeli.

Mazoezi haya yatanisaidia kushuka mlima Kitonga? (Ipogolo)

Hapana. Kitonga unashuka na gia nzito, na ukijibana nyuma ya lori kutafuta hewa utakutana na bampa. Halafu kule kuna kona za kulia pia.