Dakika 20 za muziki kwa tumbo la mawazo

Kuna tumbo linalojaa kabla hujamaliza nusu ya ugali, na kuna linalokukimbiza chooni asubuhi ya usaili. Yote mawili yanaweza kuwa ya mtu mmoja, wiki moja. Mwili ukishikwa na wasiwasi, tumbo huchelewa kushusha chakula huku utumbo mpana ukikimbia. Hapa Dodoma malalamiko ya namna hii utayasikia sana mwezi wa 6, hesabu za mwaka wa serikali zinapofungwa na watu wanakula saa nne usiku.

Muziki unasaidia, ila si ule wa kuwasha redio huku unajibu meseji. Kinachotuliza hasa ni pumzi. Muziki unaishikia mwendo tu. Neva ndefu iitwayo vagasi hutoka kwenye ubongo, ikapita kwenye moyo na kufika tumboni. Ukitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko uliyovuta, mapigo ya moyo hushuka, na tumbo nalo hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Wimbo uchague kwa kuhesabu. Piga kidole na mdundo kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Unatafuta 60 hadi 70 kwa dakika. Muheme wa akina mama wa Kigogo ni ngoma tamu, lakini hiyo ni ya kuinua watu, si ya kulaza tumbo. Ilimba, ala ya Kigogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, inafaa zaidi ukipata wimbo wa taratibu: ule mvumo wake kama nyuki, unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa juu ya vitundu vya kisanduku, huufanya mlio usikatike ghafla. Kwaya unayoipenda iache kwa leo. Unajua sauti ya pili yote, utaanza kuimba. Na wimbo wa mtu aliyekuacha usiuguse kabisa, hata uwe na midundo 60 kamili.

Pakua nyimbo za dakika 20 kabla, kisha weka simu kwenye hali ya ndege. Tangazo likipasuka katikati, kazi yote imeharibika.

Wakati mzuri ni kabla ya chakula cha jioni, jua likishapoa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, legeza mkanda au fundo la khanga, miguu yote chini. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua kwa midundo 4, mkono wa chini ndio unyanyuke; wa juu utulie. Toa kwa midundo 6, midomo imebanwa kidogo kama unayepuliza uji wa moto. Kwa mdundo wa 60 hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Dakika 10 zinatosha. Zilizobaki acha kuhesabu, sikiliza tu, huku ukikaza ngumi kwa sekunde 5 na kuziachia, kisha mabega, kisha taya. Wengi hugundua hapo kwamba taya lilikuwa limekazwa tangu asubuhi.

Ukisikia kizunguzungu au vidole kuwasha kama ganzi, unavuta hewa nyingi mno. Acha kuhesabu, pumua kawaida. Tumbo likijaa gesi zaidi, huenda unameza hewa kwa mdomo. Rudi kwenye pua. Mwenye kiungulia asifanye haya akiwa amelala chali baada ya kula: asidi itapanda. Akae wima, na apitishe muda wa saa 2 hadi 3 tangu ale kabla ya kwenda kitandani.

Usidanganyike kwamba muziki unatibu vidonda vya tumbo. Vingi husababishwa na bakteria, H. pylori, waliogunduliwa na Warren na Marshall wa Australia mwaka 1982, au na dawa za maumivu kama diklofenaki zinazomezwa kila siku kwa ajili ya mgongo. Kipimo cha choo kipo. Kama unatumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, mwambie daktari mapema, maana huwa inasimamishwa wiki 2 kabla ya kupima. La sivyo majibu yanaweza kuonyesha huna wadudu ilhali wapo. Choo cheusi kama lami, damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, au maumivu yanayokuamsha usiku: hayo ni ya hospitali. Kifua kikibana na jasho jembamba likakutoka, usikiite kiungulia, nenda saa hiyo hiyo.

Jipe wiki 3 au 4, kila jioni, ukiandika kwenye daftari ulichokula, saa uliyokula na tumbo lilivyokuwa. Mara nyingi daftari huonyesha jambo ambalo hukulitarajia: maharage hayana kosa, shida ni chai 5 za ofisini juu ya tumbo tupu.