Miaka yako kwa Kifaransa: toka mu Kiswahili, usipitie Kingereza

Wadogo zangu muliosomea Kampala ao Nairobi kisha mukarudi huku Goma kutafuta kazi, hii njo yenu. Miye pia nilipitiaka mule mule. Interviu yangu ya kwanza mzee wa buro akaniuliza "Vous avez quel âge?", ni kusema uko na miaka ngapi, nikajibu haraka haraka "Je suis vingt-quatre ans". Wakaangaliana na mwenzake, na swali lililofuata wakaniuliza mu Kiswahili. Nikajua basi, Kifaransa changu wamekwisha kukipima.

Kosa lilitoka mu Kingereza, juu kule mtu "ni" miaka yake. Lakini nyumbani si unasemaka "niko na miaka 24"? Kifaransa nacho ni vile vile, J'ai vingt-quatre ans, miaka unakuwa nayo. Na ile "ans" usiiache njiani, mu Kingereza wanaikata lakini huku ukisema "j'ai vingt-quatre" mtu anabaki anangojea, vingt-quatre nini, mbuzi? Je suis inakubaliwa kama iko na âgé de, "je suis âgé de 24 ans", mwanamke anaandika âgée, lakini hiyo ni ya barua ya kuomba kazi, kwa mdomo inakuwa nzito.

Sasa kwenye shida yenyewe iko ni masikio. Siku moja pa kituo cha afya, mama mmoja mbele yangu mtoto mgongoni, muganga anajaza fishi, anauliza miaka ya mtoto, mama anasema "douze ans". Muganga akanyanyua macho akaangalia ule mtoto anayenyonya, eh, mstari mzima tukacheka na mama mwenyewe akacheka. Alitaka kusema deux ans. Douze ni "duzan", deux ni "dezan", ila ile e uiseme midomo umeikunja kama unasema o, ujizoeze hata mbele ya kioo. Neuf ans pia inageuka, f inakuwa v, "nevan", na vingt ans ile t iliyokuwa imelala inaamka, "vantan".

Wale munaojifunza kwa programu za simu, zile nyingi zinafundisha ya Ufaransa, soixante-dix (70), quatre-vingt-dix (90). Watakusikia, lakini huku tulibaki na ya Wabelgiji: bibi wa miaka 75 ni septante-cinq ans, wa 92 ni nonante-deux. 80 peke yake njo quatre-vingts kama kule Ufaransa, usiniulize kwa nini. Na bibi mwenyewe usimuulize "tu as quel âge", kama uko na fishi mkononi na hauna namna, hapo ni vous, ile ya heshima.

Umezaliwa 1998? Mille neuf cent nonante-huit. Jizoeze hiyo kabla ya kuingia pa buro, juu wakimaliza jina wanaulizaka paka hiyo.