Muulize Muuguzi: Ziara ya Nyumbani, Malipo, na Chanjo Wakati wa Msimu wa Korosho

SWALI: Mwanangu, mke wa kijana wangu alijifungua hospitalini hapa Lindi na akarudi nyumbani salama. Siku ya tatu alikuja muuguzi, akaketi mkekani, akamfunua mtoto kifua na kumtazama kimya kwa muda, akamuuliza mzazi habari za damu na maziwa, akaandika katika daftari lake, kisha akaondoka bila kuacha hata kidonge kimoja. Mimi nimelea watoto na wajukuu. Huyu alikuja kufanya nini?
Bibi, Lindi Mjini

JIBU: Shikamoo, bibi. Hongera kwa mjukuu.

Muda ule aliokaa kimya, muuguzi alikuwa akihesabu pumzi. Mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja. Mara huenda haraka, mara taratibu, na kwa sababu hiyo pumzi zake huhesabiwa kwa dakika nzima akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Zikifika 60 au zaidi, muuguzi huhesabu tena. Zikibaki hivyo, au ikiwa kifua kinabonyea sana kwa ndani kila mtoto anapovuta hewa, atawaambia mwende hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi ya mtoto mchanga huweza kumzidia ndani ya saa chache, pengine kabla hata hajapata homa.

Maswali ya damu nayo yana uzito wake. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi, na hatari haiishi pale mama anaporuhusiwa kutoka wodini. Hata kifafa cha mimba kinaweza kumpata mwanamke aliyekwisha kujifungua, jambo ambalo familia nyingi hazilitarajii. Ndiyo maana muuguzi huuliza kama mzazi anaumwa sana kichwa au anaona ukungu machoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Ziara mliyoipata ya siku ya tatu ilikuja kwa wakati wake, na kama hakuacha dawa, bila shaka hakuona ugonjwa wa kutibu.

Nakuomba sasa usaidie kazi hiyohiyo, kwa sababu usiku wewe ndiye uliyemo nyumbani na neno lako linasikika kuliko letu. Kitovu kibaki kikavu, kisipakwe kitu chochote ambacho hakikuagizwa na mtaalamu. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6, bila hata maji, hata katika joto la pwani yetu. Na akikataa kunyonya, akilegea, akipata degedege, mwili ukiwa wa moto sana au wa baridi, msisubiri kupambazuke.

SWALI: Muuguzi akija nyumbani, tumlipe kiasi gani?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Msimlipe kitu. Sera ya afya ya nchi yetu inaagiza kwamba wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali, na kumtembelea mzazi ni sehemu ya huduma hiyo. Anayedai fedha mlangoni, mtajeni kwa mganga mfawidhi au kwa kamati ya afya ya kituo chenu. Mpeni muuguzi mahali pa kukaa na maji ya kunawa mikono, hayo yanatosha.

SWALI: Msimu wa korosho tulihamia shamba la mbali, na mtoto wetu alitimiza miezi 9 tukiwa huko, akakosa chanjo ya surua. Tumerudi akiwa na mwaka mmoja na mwezi. Mke wangu alimpeleka zahanati siku ya Jumatatu, muuguzi akamwambia arudi Alhamisi. Je, tunapuuzwa? Na mtoto aanze chanjo zote upya?
Baba, Newala

JIBU: Asianze upya, ndugu yangu. Chanjo alizokwisha kupata zinahesabika, naye ataendelea pale alipoishia: apate sasa ile ya surua na rubela ya miezi 9, kisha ya pili akifikisha miezi 18.

Kuhusu Alhamisi, chanjo hiyo hufika ikiwa unga ndani ya chupa ndogo yenye dozi za watoto kadhaa, na huchanganywa na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, muda wake hauzidi saa 6, kinachobaki humwagwa. Muuguzi anayehofia upungufu huwakusanya watoto siku moja ili chupa isiharibike, na nia yake naielewa. Hata hivyo sikubaliani na uamuzi ule. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa mama aliyetembea kutoka mbali huenda asirudi, na surua huenea kwa kasi kiasi kwamba ili kuizuia tunahitaji watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Mtoto aliyekwisha kuchelewa miezi minne hakustahili kusubiri. Mke wako ana haki ya kumweleza muuguzi kwa upole kwamba mnatoka mbali na kumwomba amchanje siku hiyohiyo.

Msimu ujao, kabla ya kufunga mizigo, pitieni zahanati na kadi ya kliniki. Muuguzi ataangalia tarehe zinazofuata na kuwatajia kituo kilicho karibu na shamba, au siku ambayo wenzake hupeleka huduma za mkoba huko. Kadi isibaki kijijini: zahanati yoyote ya serikali itamchanja mtoto kwa kuisoma, na bila kadi muuguzi mgeni hana pa kuanzia.