Kwa nini siji Desemba: jibu kwa shangazi wa Ujiji

Shangazi, shikamoo. Na wengine wote mliousikiliza ule ujumbe wake wa sauti, hamjambo. Kwa ambao haukuwafikia: shangazi anasema mimi nina bima ya Kimarekani, bima hiyo inanilipia nikatwe tumbo nipungue unene, kwa hiyo mfukoni hakutoki kitu. Sasa imekuwaje hela nilizokuwa natuma za kununulia bati zimekatika tangu Juni, harusi ya Desemba siji, na mdogo wangu wa Mwanga, pale Kigoma, anazidi kunenepa wakati dada yake yuko kwenye neema? Naandika kwa sababu kwenye simu shangazi hunikatiza kabla sijafika kwenye hesabu.

Bima ninayo kweli. Naipata kazini, kwenye hii nyumba ya wazee hapa Columbus, Marekani, ninapofanya zamu za usiku, na kila mshahara ukiingia makato yake yameshatoka. Lakini kuwa na kadi si kwamba unaingia hospitali, unapanda kitandani, wanakata. Kwa upasuaji kama huu bima lazima itoe kibali kwanza. Na kabla hata ya kuomba kibali kuna swali ambalo daktari hana uwezo nalo: mwajiri wako alinunua mkataba wenye kipengele cha upasuaji wa kupunguza uzito, au alikiondoa ili bima imtokee nafuu? Wanaokiondoa ni wengi. Kikishaondolewa, hata uwe na kilo 200 na barua za madaktari, rufaa yako haina pa kushika. Mama mmoja wa Kikongo niliyekuwa nafanya naye zamu safari yake iliishia hapo hapo, kwenye simu ya kwanza.

Mkataba wangu kipengele kimo. Ndiyo maana mkiniambia niache kazi ya kuogesha wazee nitafute ya maana, huwa nanyamaza. Nikihama kazi nahama na bima, na niendako huenda hakimo. Upo utaratibu wa kubaki na bima ya zamani kwa muda baada ya kuacha kazi, ila hapo unalipa fungu lako pamoja na lile alilokuwa anakulipia mwajiri. Hilo la pili nimeliona kwenye karatasi, na mtu wa mshahara wangu hawezi kulilipa akalipa na kodi ya nyumba.

Sasa kipimo. Wanachukua kilo zako wanagawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nina mita 1 na sentimita 63 na nilianza na kilo 100 kamili, inakuja 37 na ushee. Mwaka 1991 jopo la wataalamu wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema anayestahili kisu ni mwenye 40 kwenda juu, au 35 kwenda juu akiwa na ugonjwa mzito unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 mwenye kisukari anaweza kufikiriwa. Madaktari wamesogea, bima nyingi zimebaki 1991, na yangu ni mojawapo. Kwa hiyo unene peke yake haukunitosha. Ilibidi niwe mgonjwa, tena mgonjwa mwenye karatasi. Kuna mtu kazini alinishauri kwa nia njema kabisa nile nifike kilo 107, mambo yaishe. Na wapo wanaofanya hivyo!

Presha ninayo, mnajua. Lakini presha inayotulia kwa kidonge bima huitazama kwa jicho la pembeni. Kilichonibeba ni kukoroma. Ile siku mliyocheka kwamba nakoroma kama honi ya meli ya Liemba inang'oa nanga, kumbe pumzi zilikuwa zinakatika. Walinipa kifaa nikalale nacho nyumbani: mkanda kifuani, kijibomba puani, na kitu cha kubana kidole chenye taa nyekundu. Asubuhi nikakirudisha. Majibu yakaonyesha pumzi inasimama mara nyingi kila saa ya usingizi na hewa ya damu inashuka. Nilisoma ile karatasi kwenye basi nikaogopa, na wakati huohuo nikafurahi kwamba sasa nina ugonjwa unaotambulika. Huku utajikuta unafurahia vitu vya ajabu.

Baada ya hapo likaja sharti la kukaa chini ya mtaalamu wa lishe miezi sita mfululizo, kila mwezi unapimwa uzito na yanaandikwa mliyozungumza. Mikataba mingine ni miezi mitatu, mingine imelifuta sharti lenyewe. Chama cha madaktari wa upasuaji huu wa Marekani kimesema wazi hakuna ushahidi kwamba kumlazimisha mgonjwa hii miezi kunamsaidia. Kwangu mimi ni geti tu. Wanajua wengine watachoka njiani, wengine watabadilisha kazi, na faili litajifunga lenyewe.

Yule binti wa lishe alikuwa mpole, tatizo lilikuwa fomu. Ina mkate, wali, viazi, tambi, na kila kitu kinahesabiwa kwa vikombe. Nikamwambia nakula ugali wa muhogo. Akauliza vikombe vingapi. Nikamwonyesha kwa mkono namna tonge linavyokatwa na kubonyezwa shimo katikati, akatazama vidole vyangu, akatazama fomu, mwisho akaandika kitu. Mwezi uliofuata nikaenda na mzani mdogo wa jikoni na ugali wangu kwenye kontena, tukaupima pale mezani kwake. Mawese nayo yalimsumbua, maana alitaka vijiko, na nani kwetu aliwahi kupima mawese kwa kijiko? Dagaa na migebuka alivisifu sana. Akasema kama ningebaki kwenye samaki nikaacha soda na keki za chumba cha wafanyakazi, tusingeonana. Hapo hakukosea. Ujiji nilikuwa natembea. Huku natoka mlangoni naingia kwenye basi, nafika kazini, nakula saa nane za usiku kwa sababu macho yanauma, narudi kulala mchana.

Mwanasaikolojia sitamsimulia sana. Anataka kujua kama unaelewa unachokwenda kufanyiwa, kama unakula kwa majonzi, kama unakunywa pombe, kama nyumbani kuna wa kukusaidia. Nikamwambia nyumbani kwetu mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, na nikirudi nimekonda watadhani nimefukuzwa kazi au naumwa ule ugonjwa. Akaandika hilo kwa kirefu kuliko yote.

Faili likapelekwa. Jibu: limekataliwa. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba mwezi mmoja kati ya ile sita nesi wa kliniki aliandika presha, uzito hakuuandika. Kwa bima mwezi huo haukuwepo, na kama haukuwepo basi miezi si mfululizo, nianze upya. Barua ilikuwa na kurasa nyingi za lugha mbalimbali zikisema nina haki ya mkalimani, na mstari mmoja tu wenye sababu.

Hapa ndipo nataka ndugu zangu mlioko huku mnisikilize, maana wengi mkipata barua hiyo mnaiweka kwenye droo. Kukataliwa mara ya kwanza si mwisho. Kwa sheria ya afya ya mwaka 2010 una siku 180 za kukata rufaa ndani ya bima yenyewe, na kwa tiba ambayo hujafanyiwa wanatakiwa wajibu ndani ya siku 30. Wakikataa tena kwa sababu za kitabibu, unaweza kupeleka kwa mkaguzi wa nje asiye wa kwao, na akisema walipe, wanalipa. Kabla ya yote hayo daktari wako anaweza kuomba kuzungumza na daktari wa bima, mtu kwa mtu. Wangu alizungumza naye. Ikaonekana yule wa upande wa pili si wa fani hii, akasema anaelewa ila karatasi ni karatasi. Basi tukaenda kwa maandishi. Ofisi ya daktari ilitaka kutuma barua yao ya siku zote. Nikaomba kwanza bima wanipe kanuni waliyoitumia kunikataa, kwa sababu ni haki yako kupewa bure. Tukaijibu kipengele kwa kipengele. Kwa ule mwezi uliokosa uzito, kumbe siku chache kabla nilikuwa nimepimwa kwa daktari wa moyo, jengo hilohilo, na kilo zipo. Tukaambatisha. Wakakubali.

Barua ya kibali nayo, shangazi, ina sentensi ningependa uisikie: kibali hiki si ahadi ya malipo. Yaani wamekubali kwamba nastahili, lakini bili ikija wataitazama tena. Na kibali kina tarehe ya kuisha.

Sasa hela. Kila mwaka kuna kiasi cha kwanza ambacho unalipa mwenyewe chote kabla bima haijaanza kuchangia. Kikiisha, mnagawana kwa asilimia, hadi ufike ukomo wako wa mwaka. Kwa mwaka 2025 sheria ilisema ukomo huo usizidi dola 9,200 kwa mtu mmoja, ukitumia hospitali walizoingia nazo mkataba. Wangu ulikuwa chini ya hapo kidogo. Kipimo cha usingizi, kamera ya tumboni, daktari wa moyo, damu kila mara, vyote vimenitoa hela mwaka huu. Bati zenu ndipo zilipo. Bila bima mara nyingi upasuaji huu ni kati ya dola 15,000 na 25,000, kwa hiyo silalamiki kwamba bima haina maana. Ninachokataa ni neno bure.

Na hesabu hiyo inarudi sifuri Januari mosi. Yote niliyolipa mwaka huu yananisaidia kama nitakatwa kabla mwaka haujaisha; ikisogea Januari naanza kulipa tena kuanzia dola ya kwanza. Kila mtu anaijua hesabu hii, ndiyo maana Desemba vyumba vya upasuaji hujaa. Nimepata nafasi wiki ya pili ya mwezi, siku mbili kabla ya harusi. Siwezi kuisogeza, na bwana harusi nimeshamwambia.

Likizo nayo ni kitu kilekile. Sheria ya mwaka 1993 inampa mtu wiki 12 za kuugua bila kufukuzwa, mradi mwajiri ni mkubwa, umefanya kazi mwaka mzima na saa zako zimefika 1,250. Kazi inakungoja, mshahara haukungoji. Hizo siku chache za likizo yenye malipo nilizobakiza zote nazitia hapo. Bati tutaongea Machi, na fundi asichukue mkopo kwa jina langu.

Nikija, labda mwakani katikati, msishangae. Wanaondoa takriban asilimia 80 ya tumbo, yaani ule mfuko wa chakula, na hairudishwi. Nitakula matonge mawili matatu niseme inatosha, sitakunywa maji wakati wa kula, na vidonge vya vitamini nitameza maisha yangu yote. Msiniwekee mlima wa ugali halafu mkasema nimeringa. Minofu ya migebuka nitaimaliza, hiyo naahidi.

Mdogo wangu sasa. Bima yangu ya kazini inaweza kumchukua mume na watoto hadi miaka 26. Ndugu hamo. Akiomba viza ya kuja kutibiwa, ubalozini watataka aonyeshe hela ya matibabu yote, na bima za wasafiri hazigusi upasuaji wa unene. Kwa hiyo wazo la kuja huku aliweke pembeni. Hospitali ya Mloganzila pale Dar wanaweka puto tumboni, ni kitu tofauti na kisu, linakaa kwa muda linatolewa. Aulize bei mwenyewe, asisikilize za mitandaoni. Ila kabla ya Mloganzila aende hospitali ya Maweni hapo Kigoma apime presha na sukari akiwa hajala, na uzito na urefu viandikwe kwenye daftari lake na tarehe. Mkewe atuambie kama usiku pumzi inamkatika. Akishapata namba hizo anipigie saa tisa alasiri ya kwenu, ndipo natoka zamu. Na asinipigie Jumapili, Jumapili nalala.