Taa haizimiki, pangaboi linaguna: je, waya zimeoza?

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Tanga, nyumba ya zamani kidogo. Mwezi uliopita tulitoa globu za nyuzi tukaweka za LED. Tangu hapo taa ya koridoni, ambayo ina swichi mbili, moja kila mwisho, nikiizima usiku inabaki na mwanga hafifu kama kaa linalokufa. Nimetoa globu nikapima kwenye holda kwa mita ya dijitali, swichi ikiwa imezimwa, ikasoma volti 94. Wiki hiyohiyo pangaboi la sebuleni likaanza kuguna bila kuzunguka mpaka nilisukume kwa ufagio. Fundi aliyekuja amesema waya za nyumba nzima zimeoza na zing'olewe. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Usimlipe mtu kung'oa waya kwa dalili hizi. Kuna magonjwa mawili hapo, na yamekutana wiki moja kwa bahati tu.

Tuanze na koridoni. Taa yenye swichi mbili ina waya mbili zinazotoka swichi ya kwanza kwenda ya pili, zimelala pamoja ndani ya paipu moja. Taa ikiwa imezimwa, mmoja kati ya waya hizo una umeme na mwenzake ameunganishwa na taa. Hazigusani. Lakini waya mbili zilizolala sambamba, katikati kuna plastiki, hizo tayari ni kapasita, yaani kifaa kinachotunza chaji na kupitisha umeme kidogo bila waya kugusana, hata kama hakuna aliyeikusudia. Kwa kebo ya kawaida ya nyumbani kadiria pikofaradi 100 kwa kila mita. Koridoni ya mita 10 inakupa nanofaradi 1. Kwenye volti 230 na hezi 50, kapasita hiyo inapitisha takriban maikroampea 70.

Globu ya nyuzi ya wati 60 inakula zaidi ya robo ampea, kwa hiyo maikroampea 70 zilikuwa zinapita humo miaka yote na hamkuziona. LED haihitaji mengi. Umeme mdogo kiasi hicho unatosha kuiwasha hafifu, na nyingine huukusanya kidogo kidogo kwenye kapasita yake ya ndani kisha ikapepesa kila baada ya sekunde chache. Taa mpya imeonyesha kitu kilichokuwepo tangu nyumba ijengwe.

Na zile volti 94? Mita ya dijitali ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10, hivyo haiulemei waya hata kidogo, na inasoma umeme huo wa kuazima, unaovuka kutoka waya wa jirani, kama umeme halisi. Rudisha globu moja ya zamani ya nyuzi kwenye holda, zima, upime tena. Ikishuka karibu na sifuri, ulikuwa unapima kivuli.

Lakini kabla ya kuridhika na jibu hilo, kuna jambo lazima likaguliwe, na hapa ninakuomba usipuuze. Mwanga huohuo hafifu hutokea pia pale swichi inapokata nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, badala ya kukata waya wa moto. Nyumba ya namna hiyo inaua, kwa sababu swichi imezimwa, taa imezimika, na bado holda ina volti 230 inayomsubiri anayepanda ngazi kubadilisha globu. Usitegemee testa ya bisibisi kwa hili, maana inawaka hata kwa umeme wa kivuli. Usitegemee rangi pia. Katika nyumba za rangi za zamani, nyekundu na nyeusi, waya mweusi unaoshuka kwenye swichi mara nyingi ni waya wa moto unaorudi kwenye taa, ingawa ana sura ya nyutro. Nimewahi kukuta mtu amefunga weusi wote pamoja darini kwa kuamini rangi, na breka ikaruka mara alipowasha.

Kipimo salama ni hiki. Zima swichi kuu, toa globu, zima na taa nyingine zote, na uchomoe vyombo vyote kwenye soketi. Weka mita kwenye omu, upime kati ya kila nukta ya holda na shaba ya nyutro kwenye boksi la swichi kuu, ukitumia waya mrefu. Nukta moja lazima iwe imeungana na nyutro wakati wote, ubonyeze swichi yoyote utakayo. Kama muungano huo unakuja na kuondoka unapobonyeza, swichi inakata nyutro na irekebishwe kabla ya lolote. Kumbuka kwamba hata swichi kuu ikizimwa, nukta zinazopokea umeme kutoka nje zina moto. Kama hujazoea kufungua boksi, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, afanye kipimo hiki.

Nyutro ikiwa salama, dawa ni ndogo: kapasita ya maikrofaradi 0.1 ya daraja la X2, volti 275 AC, ikiwa na rezista ya omu 100 mfululizo, ifungwe sambamba na taa ndani ya boksi la holda. Ule umeme wa kuazima utapita humo, na volti kwenye taa zitashuka hadi kama 2. LED haiwezi kuwaka kwa hizo. Usikubali kapasita yoyote isiyo na alama ya X2, hata muuzaji akikuapia. X2 imetengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumbani saa 24 bila kuwaka moto. Na kama swichi zako zina kile kitaa chekundu cha kuonekana gizani, badilisha swichi kwanza. Kitaa hicho kinaweza kupitisha hata karibu milliampea moja, na kapasita ya 0.1 huenda isitoshe kuimeza.

Pangaboi ni rahisi. Mota yake ina koili mbili, na kapasita ndiyo inayotanguliza umeme wa koili moja mbele ya mwenzake ili upatikane mzunguko wa kuanzia. Kapasita ikichoka, mota inaguna ikisubiri kusukumwa, kama unavyofanya kwa ufagio. Zima breka, fungua kikombe cha juu, gusisha miguu ya kapasita kwa rezista ili imwage chaji, kisha usome kilichoandikwa, mara nyingi maikrofaradi 2.5. Ukiipima ukakuta 1.5, umepata mwizi. Nunua yenye maikrofaradi zilezile, volti 400 AC au zaidi. Usiongeze maikrofaradi kwa tamaa ya upepo, koili inaweza kuungua.

Pima pia volti za soketi jioni, saa pangaboi linapogoma. Zikiwa 180, nguvu ya mota imebaki kama asilimia 60, na hata kapasita mpya itapata shida kuliondoa. Na ukilizungusha kwa mkono umeme ukiwa umezimwa likakwama au kukwaruza, basi ni beringi.