Barua kwa mwanangu: maneno 40 ya kibao cha Kiboriloni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe. Nimeona nikuandikie, maana hili si la kumalizia kwenye simu.

Unasema vijana wenzako mmekubaliana kuweka kibao Kiboriloni, hapo Moshi, pale barabara inapoanza kupanda Old Moshi, na fundi amewaambia bati litabeba maneno 40 tu. Rasimu yenu nimeiona: "Panda umwone shujaa Mangi Meli, mpigania uhuru wa kwanza, aliyenyongwa mwaka 1900." Halafu ukauliza kwa kusitasita kama muongeze kwamba Mangi Marealle, mtawala wa Marangu, ndiye aliyewachongea wenzake kwa Wajerumani. Najua umesitasita kwa sababu mama yako ni binti wa Marangu.

Ni kweli waandishi wa historia wameliandika, na Old Moshi wazee wanalisimulia: Marealle alimpelekea Kapteni Johannes, mkuu wa boma la Moshi, habari kwamba wenzake wanapanga kuasi. Sitalikana kwa kuwa ni la kwetu. Mwaka niliokuja kuolewa, bibi yako alinichukua hadi Tsudunyi, akanionyesha mti alionyongewa Meli, akanieleza yote kwa Kichaga, na Marangu hakuitaja hata mara moja. Nilipomwuliza mwenyewe ndipo akasema, "Hilo unalijua, mwanangu, nikuambie la nini?" Nilimpenda tangu siku hiyo.

Lakini mkiliandika la Marealle, mtakuwa na deni la kuandika na mengine. Rindi, baba yake Meli, alitia saini mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Mwaka 1891 walipokwenda kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, mashujaa wa Moshi walikwenda nao. Mangi zetu walikuwa wakigombania mifugo, biashara ya misafara na ukubwa, na zaidi ya mmoja alidhani Mjerumani ni fimbo ya kumchapia jirani. Miaka tisa baadaye Meli mwana wa Rindi na Molelia mwana wa Sina wakanyongwa siku moja. Watoto wa mahasimu wawili! Kila nikifika hapo kwenye habari hii nanyamaza kwanza. Haya yanahitaji mtu wa kukaa na mgeni chini ya mti na kumsimulia bila haraka. Bati la barabarani likimtaja mchongezi peke yake, linampunguzia mzigo aliyetoa hukumu na kufunga kamba.

Na hapo ndipo rasimu yenu inaponiuma zaidi. "Aliyenyongwa." Na nani? Neno hilo linamficha mtendaji, na mgeni anayeshuka kwenye daladala hatajua. Andikeni "Wajerumani waliwanyonga". Tena si Meli peke yake. Walikuwa 19, wa Uchagani, Meru na Arusha. Sanamu ya Meli ipo na inastahili, lakini hao 18 nao walikuwa na mama zao.

"Wa kwanza" nalo liondoeni. Sina alipigana kabla yake, na mtu wa Kibosho akisoma atawasahihisha njiani, kwa haki. Meli haongezewi kitu na sifa hiyo. Juni 1892 watu wake walikishinda kikosi cha Wajerumani cha von Bülow, na von Bülow mwenyewe akafa. Ilibidi gavana von Schele aje mwenyewe na jeshi kubwa, Agosti 1893, ndipo Moshi ikaangushwa. Hayo atayasikia akishapanda.

Msichoweza kukiacha ni vichwa vya walionyongwa, vilivyopelekwa Ujerumani. Wewe ni mtoto wa kihamba, shamba la ukoo, unajua kwetu mtu huzikwa migombani, na zamani baada ya muda fuvu lilifukuliwa likawekwa penye masale, mmea wetu wa heshima, akae na wazee wake. Mtu aliyechukuliwa kichwa hajafika nyumbani. Mjukuu wa Meli, Isaria Meli, alikitafuta kichwa cha babu yake kwa zaidi ya miaka 50. Septemba 2023 Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu kadhaa ya makumbusho yao na familia zilizo hai hapa kwetu, mojawapo likiwa la Akida, mshauri wa Meli. La Meli halikuwemo. Nilikuwa jikoni redio iliposema, nikaketi.

Basi mimi ningeandika hivi:

"Barabara hii inapanda hadi Tsudunyi, Old Moshi. Huko, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 wa Wachaga, Wameru na Waarusha, akiwemo Mangi Meli mwana wa Rindi. Vichwa vya baadhi yao vilipelekwa Ujerumani. Kichwa cha Meli bado kinatafutwa."

Nimehesabu mara mbili, ni 38. Mawili yaliyobaki msiyajaze, fundi aachie nafasi pembeni herufi zisibanane. Jina la Tsudunyi lisikatwe hata mkiambiwa wageni hawataweza kulitamka. Reli ya Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mji ulihamia kwenye stesheni na jina la Moshi likashuka nao, huku juu tukabaki kuitwa wa zamani. Nusu ya wanaopita Kiboriloni hawajui kwamba Moshi yenyewe ilikuwa mlimani.

Mwambie fundi nguzo ziwe za chuma, mbao zitaliwa na mchwa. Miche ya masale nitaitoa kwenye mpaka wa kihamba chetu, minne inatosha kuzunguka kibao, na nitamwomba mjomba wako wa Marangu alete mingine minne ya kwao. Mvua za masika zikianza tu, njoo na gari uichukue.

Mama yako