Mkulima asiye na hisa alipotezaje akiba yake?

Mwanangu Zainabu,

Marahaba. Umeuliza: kama Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929, ilikuwaje mkulima wa jimbo la Iowa naye akapoteza akiba yake?

Hisa nitazipitia upesi. Mtu aliweza kununua hisa za dola 1,000 kwa kutoa dola 100 zake. 900 alikopeshwa na dalali, hisa zenyewe zikiwa dhamana. Bei ikishuka asilimia 10 tu, chake kimekwisha. Dalali anadai nyongeza; asipoipata, anauza. Wakiuza wengi, bei inazidi kushuka na wengine nao wanadaiwa. Kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia bei za hisa za makampuni makubwa, kilifika 381 Septemba 1929; Julai 1932 kilikuwa 41.

Mkulima wako aliumizwa na benki. Majimbo mengi yalizuia au kubana matawi ya benki, kwa hiyo benki ilikuwa nyumba moja, mji mmoja, wateja wa mahindi watupu. Mahindi yakikosa bei, wadaiwa wote wanashindwa kulipa kwa mkupuo. Ndiyo maana mamia ya benki ndogo zilikuwa zikifungwa kila mwaka hata miaka ile ya neema. Jirani zao Kanada, wenye benki chache za matawi mengi, hawakupoteza hata moja kati ya 1930 na 1933.

Chukulia benki ina amana za dola 100. Kumi ziko kasikini. Zilizobaki zimekopeshwa kwa dhamana ya mashamba au kununulia hati fungani, yaani hati za mikopo ya serikali na makampuni. Uvumi ukitoka, wa kwanza kwenye foleni analipwa zote, wa mwisho anakuta kasiki tupu. Kwa hiyo foleni ile haikuwa ujinga: hata aliyeamini benki yake ni nzima alikuwa na sababu ya kuwahi. Benki inauza hati zake kwa bei ya kutupa, na benki ya mji wa pili yenye hati zilezile inajikuta mali yake imepungua thamani bila kosa lolote. Hadi 1933 zilikuwa zimeanguka kama 9,000. Zilizosalia zilikumbatia fedha taslimu zikaacha kukopesha, na mwaka huo mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi.

Benki kuu ilikuwapo, ila ilikopesha wanachama wake tu, na benki nyingi za mashambani hazikuwa wanachama. Tena Oktoba 1931, Uingereza ilipokwisha kuacha kubadilisha pauni zake kwa dhahabu, riba ambayo benki kuu ya New York ilizitoza benki ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 3.5 ili kulinda dhahabu ya Marekani. Kwangu mimi, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Tarehe 6 Machi 1933 Rais Roosevelt alifunga benki zote nchini. Jumapili tarehe 12 alieleza redioni, kwa lugha ya kawaida, benki zinavyofanya kazi, na kesho yake zilizoonekana nzima zikaanza kufunguliwa, kwanza katika miji 12 yenye ofisi za benki kuu. Watu walirudisha noti walizozificha. Kuanzia 1 Januari 1934 bima ya amana ililinda dola 2,500 za kila mwenye amana, kwa michango ya benki zenyewe, na kuwahi foleni kukakosa maana. Mwaka ule benki zenye bima zilizoanguka zilikuwa tisa.

Ajira hazikurudi kwa kasi hiyo. Mwaka 1937 serikali ilibana matumizi, benki kuu nayo ikiwa imezidisha maradufu sehemu ya amana ambayo benki zililazimika kuiweka bila kuikopesha, na ukosefu wa kazi ukapanda tena.

Mama yako